Kwa Nini Bomba la Loguya Liko Chini

Vijana wangu, mlikuja juzi nyumbani kwangu na kofia zenu za njano, mkakaa barazani, mkanywa chai yangu, halafu mmoja wenu akaniuliza kwa adabu kabisa ni mlevi gani aliyejenga chemchemi ya Loguya. Alisema bomba liko chini mno. Mama wa watu anashuka ngazi mpaka kichwa chake kinapotea ardhini, utadhani anaingia kaburini, ndipo ateke maji. Mkanionyesha mpango wenu wa kuliinua mpaka usawa wa kiuno na kulifunga koki ya shaba.

Nilicheka, maana mlevi huyo ni mimi, pamoja na marehemu fundi Alidria ambaye hakuonja pombe maisha yake yote. Lakini mlipoondoka, niliona siwezi kuliacha hivyo hivyo. Kwa hiyo nawaeleza habari yote ya mlima ule na watu wake, kama nilivyoijua kwa miguu na mikono yangu. Mkishasikia, shikeni spana zenu mkitaka. Ila hamtasema hamkuambiwa.

Mimi ni Khemis, mzaliwa wa Arua mjini, mtoto wa Wanubi. Babu yangu alikuja nchi hii kutoka Sudan na bunduki begani. Mimi nimeizunguka na koleo. Kazi yangu ilikuwa kujenga chemchemi, kuanzia huku Arua hadi Koboko, miaka yote ile ya sabini. Ofisi ilikuwa juu Arua Hill, kwenye nyumba za zamani za Wazungu, lakini ofisini tulikwenda kuchukua mshahara na kugombania gari. Kazi yenyewe ilikuwa matopeni.

Aliyenifundisha ni huyo Alidria, Mlugbara wa upande wa Kuluva, mtu mrefu, mkimya, mpole mpaka anaudhi. Kazi ya mawe aliijulia huko kwao, akijenga kuta. Kila tulipofika kwenye chemchemi yeye aliomba kwa namna ya kanisani kwake, mimi nikasema bismillahi yangu, kisha akatoa neno lake moja: "Kaa kwanza." Tulikaa. Tulitazama maji yanatokea wapi, yanatoka kwa nguvu gani, nani anakuja kuyateka na anaweka mtungi wapi. Mimi damu ilikuwa inachemka, nataka kuchimba. Alidria anavua viatu vyake, anavipanga, anakaa.

"Khemis," aliniambia, "maji iko na mlango yake. Wewe hapana fungua mlango ya mutu na teke."

Mwenzetu mmoja, simtaji kwa sababu mnasoma na wajukuu wake, hakulisikia neno hilo. Alikuta jicho la maji, pale yanapobubujikia, ni dogo, akaingiza mtaimbo ili alipanue. Maji yakahama. Yakatokea kwenye shamba la muhogo la jirani, na huyo jirani akamshukuru Mungu, akazungusha ua wa miiba, akamwambia kila aliyekuja kwamba maji hayo ni ya ukoo wake tangu zamani. Mwenzetu alihamishiwa stoo, akahesabu makoleo mpaka alipostaafu.

Basi jifunzeni. Jicho la maji hufuatwa kwa vidole, kwa ubaridi, polepole, unaondoa tope kama unavyomtoa mtoto tongotongo. Ukilipata, unaliwekea kokoto safi mbele, unajenga kisanduku, unaziba pembeni yasipenye. Kwa juu unachimba mfereji ili maji machafu ya mvua yapite kando. Mkaratusi, ule mti mlevi wa maji, usiupande karibu, labda kama unawachukia wenye kijiji. Na sheria iliyo juu ya zote hizo ni hii: usiyalazimishe maji kupanda juu ya jicho lake. Bomba la kutolea liwe chini ya jicho, daima. Ukiliweka juu, maji yanajaa kisandukuni, yanalisukuma jicho lenyewe, na maji yakisukumwa kurudi yalikotoka hayasubiri. Yanatafuta ufa mwingine na kwenda zake.

Sheria hiyo alinifundisha Alidria. Na aliyeivunja kule Loguya ni Alidria.

Loguya ni mlima usio mkubwa, lakini mkaidi. Ukitoka Koboko ukapita Lurujo unaiacha barabara, unakata mashamba ya tumbaku, halafu njia inasimama wima mbele yako. Kileleni ni mwamba mtupu. Chini ya mwamba kuna udongo wa kichanga unaokunywa mvua, na chini ya huo kuna udongo mzito unaokataa maji kupita. Udongo huo mzito umeuzunguka mlima kama mkanda wa suruali, na pale unapochungulia nje ndipo maji hutoka. Upepo hauishi huko. Ukisimama kwenye bega la mlima unaiona Zaire upande mmoja na Sudan upande wa pili, na macho yako hayaoni mpaka wowote.

Siku hizo nyumba za Loguya zilikuwa kwenye bega la magharibi. Wenyeji wake, Wakakwa, walikuwa wachache, wakulima wa mtama, muhogo na tumbaku. Tulifika baada ya Wahindi kuondolewa nchini, wakati saruji ilikuwa imepotea madukani na sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Tulipanda na mifuko michache tu ya saruji, na Alidria aliilinda kuliko alivyolinda chakula chake.

Wazee wa kiume walitukaribisha chini ya banda la kukaushia tumbaku, wakatueleza historia yao. Wote walikubali kwamba walitoka kaskazini, wakabishana kuhusu mengine yote. Mmoja alisema babu zao walimfuata fahali aliyepotea mpaka juu ya mlima. Mwingine akasema fahali hakupotea, walikuwa wamemwiba, na mlima waliupanda ili waone wenye mali wakija. Karibu wakamatane mashati. Mimi niliwachekea, nikasikiliza, na wakati huo historia yenyewe ilikuwa inapita nyuma ya mgongo wangu na mtungi kichwani. Sikuijua.

Mukungu wao, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa bwana mmoja anayeitwa Wani. Aliponivuta pembeni ndipo nikajua shida yao. Chifu wa kaunti, mtu aliyeletwa kutoka jeshini, alikuwa ametuma askari na amri. Chemchemi yao ilikuwa inakauka kila kiangazi, watu wanakunywa maji machafu ya kijito cha bondeni, watoto wanaharisha. Kwa hiyo kabla ya mvua za kwanza wote washuke, wakae barabarani, ambako kuna kisima cha pampu. Amri yenyewe Wani aliishika kichwani kama ilivyotamkwa: "Mtahamia penye maji."

"Si vibaya," nikasema mimi, mtu wa mjini. "Barabarani iko duka, iko shule."

Wani aliniangalia kwa huruma. "Bwana Khemis, barabarani iko pia malori ya askari. Huko kuku hapana fika kuzeeka. Na mimi iko na mabinti."

Hapo nilielewa. Mjini tulizoea kuinamisha macho lori likipita, mpaka nilisahau kwamba kuna watu hawajazoea. Watu wa Loguya walitaka jambo moja tu, kubaki juu. Ili wabaki, yapatikane maji yasiyokauka kabla ya mvua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu, na sijawahi kupewa kazi iliyo wazi kuliko hiyo.

Tukakaa kwanza, kama kawaida. Tukawatazama wanawake wakiteka. Jicho lilikuwa chini kabisa ya ukingo, kwa hiyo kila mmoja alipiga magoti kwenye mawe, akainama, akachota kwa kibuyu, kidogo kidogo, mpaka mtungi ujae. Wengine walipoinuka walishika kiuno wakasimama kidogo kabla ya kutembea. Niliona Alidria hatulii. Alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena.

"Mama yangu alikufa na magoti mabovu," akasema. "Alichota hivi hivi mpaka hapana weza kutembea. Hawa hapana piga magoti tena."

Tukajenga. Na yeye, fundi aliyenifundisha sheria, akaliweka bomba juu, ili mwanamke asimame wima na mtungi wake ujae bila kuinama. Nilimwambia. Wallahi nilimwambia. Akanijibu kwamba ni kidogo tu, jicho lina nguvu, litavumilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Alidria akibembelezana na maji. Bomba lilipotoa, wanawake walicheka wakapokezana kusimama mbele yake, wakinyoosha migongo kwa maringo, na mmoja akatuchinjia jogoo. Yule jogoo mpaka leo naona haya nikimkumbuka.

Kwa siku chache maji yalitoka vizuri. Kisha yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Tulivunja kisanduku, tukalishusha bomba, tukachimba kwa vidole. Jicho lilikuwa limekauka kabisa. Kiangazi ndio kimeanza kuuma, mvua haziko mbali, na Loguya sasa haikuwa hata na kile kidogo ilichokuwa nacho.

Alidria hakula. Alikaa juu ya mfuko wa saruji wa mwisho, uso kama mtu aliyefiwa. Mimi nilimwambia ukweli wangu: turudi Arua, tuseme chemchemi imekufa, tuombe radhi. Hapo ndipo nilipomwona yule mpole ana kichwa cha chuma.

"Wewe shuka kama wewe nataka," akasema. "Mimi nilipoteza maji ya watu. Mimi hapana shuka mpaka napata."

Sikushuka. Nani angemwacha? Asubuhi zilizofuata tuliuzunguka mlima kwa usawa wa ule mkanda wa udongo mzito, tukitafuta maji yalikokimbilia. Mbuzi walitutangulia. Walianza kutorokea bega la mashariki, na tulipowafuata tuliona majani mabichi katikati ya kiangazi, mahali pana palipojaa mawe makubwa yaliyoporomoka zamani. Ardhi ilikuwa na unyevunyevu huku na huku. Tukachimba upande mmoja, tukapata tope. Tukachimba upande mwingine, tope tena. Kuchimba ovyo pale ilikuwa hatari, tungeyatawanya maji yasikusanyike milele. Jicho lilikuwa mahali fulani chini ya mawe yale, na sisi tulikuwa vipofu.

Aliyetufungua macho ni Mama Poni. Alikuwa mjane, mkali wa ulimi, Kiswahili chake alikipata sokoni Koboko akiwauzia askari tumbaku. Alikuja kutafuta mbuzi wake, akatukuta tumekaa na makoleo yetu.

"Nyinyi iko natafuta nini kwa kijiji ya watu?" akauliza.

Nikamwambia hapa si kijiji, hapa ni mawe. Akacheka kwa dharau, akatushika mikono kama watoto, akatuonyesha. Kwenye migongo ya mawe mengi kulikuwa na vishimo virefu, laini, vimejaa udongo na majani makavu. Mimi nilikuwa nimevikalia siku zote hizo nikila muhogo wangu. Vilikuwa vishimo vya kusagia. Wanawake walipiga magoti hapo wakasaga mtama kwa jiwe dogo la mkononi, miaka na miaka, mpaka mwamba ukalika.

Kumbe kijiji cha Loguya kilianzia juu kabisa, karibu na kileleni. Huko vishimo ni vifupi, vimegusa jiwe tu, maana hawakukaa sana, upepo uliwashinda. Wakashukia bega hili la mashariki, wakakaa sana. Vishimo vya hapa vinameza mkono mpaka juu ya kiwiko. Kisha mlima ukaporomoka mwaka wa mvua mbaya, ukafukia chemchemi yao, wakahamia magharibi walikopata jicho dogo. Hakuna fahali aliyetajwa.

"Miaka ngapi hapa?" nikamuuliza.

"Mimi hapana jua miaka. Mimi najua mawe. Hii iko ya mama ya bwana yangu. Kabla yake iko ya mama ya bwana yake tena."

Sikilizeni jambo hili, maana sijalikuta mahali pengine. Mabinti wa Loguya huolewa nje, na wake wa Loguya hutoka nje. Kwa hiyo jiwe la kusagia haliendi kwa binti, linakwenda kwa mke wa mwana. Hata baada ya kijiji kuhamia magharibi, kila mwanamke alipopata mkamwana alimleta huku kwenye kijiji cha zamani, akamwonyesha jiwe la nyumba yake, akamwambia jina la kila aliyesaga hapo kabla yake. Mwanamke wa nyumba nyingine haruhusiwi kulipigia magoti. Mwanamume haligusi kabisa. Wazee wa kiume wanagombania fahali kule bandani, na hesabu yote ya kijiji imewekwa na wageni walioolewa.

Alidria alikuwa amelitazama jiwe la Mama Poni muda mrefu. Kishimo kilikuwa kimelika zaidi upande mmoja, mteremko wake unatazama mbele ya mtu aliyepiga magoti. Akauliza kwa nini mwanamke aliyesaga hapa alipiga magoti akitazama mlimani, akaelekeza mgongo bondeni, kwenye upepo mzuri na watu wanaopita.

Mama Poni alishangaa swali la kijinga hivyo. "Mwanamke nasaga, natuma mtoto kwa maji. Lazima naona mtoto. Asianguke, asicheze."

Alidria akasimama. Nami nikasimama, maana nilikuwa nimeelewa. Kila mwanamke wa kijiji kile alikuwa amesaga akitazama chemchemi. Mawe yote yalikuwa yananyoosha kidole mahali pamoja.

Tulimwomba Wani awaite wanawake wote wenye mawe. Walikuja, na hapo tukakwama tena. Mwanamke mmoja alikataa katakata kupiga magoti mikono mitupu. Jiwe la mkwe halipigiwi magoti bure, lazima lisage. Wenzake wakamuunga mkono. Basi wakaenda kuleta mtama, wakasafisha vishimo, wakapiga magoti kila mmoja kwenye jiwe la nyumba yake, wakaanza kusaga. Mlio ule wa mawe sijausahau. Wani mwenyewe aligeuka akajifanya anatazama Zaire, akapangusa macho.

"Inueni kichwa," akasema Alidria. "Mnaangalia wapi?"

Wakainua vichwa. Kila mmoja akaonyesha, na mikono yao ikaenda ovyo, huyu kule, yule huku, mmoja akaonyesha Sudan. Wakaanza kucheka na kusukumana. Mimi nilikata tamaa, lakini Alidria alichukua nyundo, akasema wanawake waondoke kidogo, akagonga kila jiwe pembeni, mbali na kishimo, kwa nyundo tu bila mkono wake kuligusa, akitega sikio. Jiwe lililoporomoka hukaa juu ya udongo, nalo hulia. Jiwe lenye mizizi kwenye mlima halilii, linameza pigo. Lililolia alilisusa, kwa sababu lilikwisha geuzwa na maporomoko. Yaliyomeza yalikuwa matatu, na moja lilikuwa la Mama Poni.

Wanawake watatu wakarudi magotini. Kila mmoja alifunga kamba kwenye jiwe lake kwa mkono wake, nasi tukazivuta tukifuata macho yao. Kamba zikakutana juu ya jiwe moja kubwa kuliko kibanda, lililotoka juu likaja kukaa hapo hapo kama mtu aliyetumwa.

Kulihamisha haikuwezekana. Kulipasua kwa baruti haikuwezekana, jicho lingekufa. Ilibaki njia ya zamani: kulichoma moto mchana kutwa, halafu kulimwagia maji likiwa limeiva. Maji mengi. Na maji yaliyokuwepo Loguya siku hiyo ni yale tu ambayo wanawake walikuwa wameyapandisha kutoka bondeni, ya kunywa na kupikia. Moto ulipokolea na jiwe kubadilika rangi, watu walisimama na mitungi yao, hakuna aliyesogea. Wani aliangalia mitungi, akawaangalia watoto. Ukimwaga na jiwe lisipasuke, umewanyima watoto maji, na kesho unashuka barabarani ukiwa na kiu.

Mama Poni alipita mbele yangu na mtungi kichwani. Hakumwangalia mtu.

"Mimi sitakufa barabarani," akasema, akamwaga.

Wakamfuata wote. Mvuke ukatufunika, watoto wakakimbia, nasi tukasikia mlio mkubwa ndani ya jiwe. Lilipasuka vipande tulivyoweza kuvisukuma kwa magogo. Tuliondoa, tukachimba kwa mikono, Alidria ametangulia, mimi nimemfuata. Alisimama ghafla. Akaingiza vidole, akavitoa, akavigusisha kwenye shavu langu. Vilikuwa baridi.

Alilia bila aibu. Nami nililia, na nawaambia wazi, sijaona fundi anayeipenda kazi yake ambaye hajailia hata mara moja.

Sasa ndio tunafika kwenye ngazi zenu. Jicho lilikuwa chini sana, chini ya miguu yetu. Nilimwuliza Alidria kwa uchokozi kama safari hii pia anataka kuinua bomba ili akina mama wasimame. Hakucheka. Alikaa, akavua viatu, akafikiri.

"Hapana inua maji," akasema. "Teremsha udongo."

Tukaacha maji yalipo, tukachimba ardhi iliyo mbele yake. Tukashuka chini ya jicho, tukapanga ngazi za mawe, tukatengeneza sakafu na mfereji wa kutolea maji yanayomwagika mpaka bondeni. Mwanamke anashuka, anasimama wima mbele ya bomba, mtungi unajaa, hainami. Saruji ilikwisha katikati ya kazi. Tulichukua udongo wa kichuguu, kijiji kizima kikaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa kama mkate, tukazibia huo. Mlipokuja juzi mlisifu saruji ya zamani kwamba ilikuwa imara. Nusu yake ni mchwa.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya, askari wa chifu alipanda. Alikwenda kwenye bega la magharibi, akakuta nyumba hazina mapaa. Akafurahi, akidhani wameshuka. Kisha akaona moshi unatoka upande wa mashariki, akaja anahema, akawakuta watu wote wanaezeka.

"Amri ilisema muhame," akamwambia Wani.

"Ndiyo, afande. Tumehama."

"Amri ilisema penye maji."

Wani akamshika mkono kwa heshima, akamteremsha ngazi. Yule askari alikunywa kwa viganja, akajimwagia kichwani, akakaa kwenye ngazi ya chini akapumzika. Alikuwa kijana wa watu, amechoka. Alituuliza kama kuna kuku wa kununua. Aliuziwa, akalipa, akarudi kumwambia chifu kwamba watu wa Loguya wametii. Askari mwingine hakuja tena.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipofika kwetu, walio kando ya barabara walikimbia, wengine Sudan, wengine Zaire. Wako waliokimbilia juu Loguya na watoto migongoni. Walikunywa pale, wakapumzika, wakaendelea. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, na mke wangu, na mama yangu mzazi akishikilia bega langu. Mama Poni alituona kutoka kwenye jiwe lake tukijikongoja, akaacha kusaga, akaja kutupokea. Alitukemea tusiyakalie mawe ya wenyewe, akatulisha. Alidria alikuwa amekwisha fariki wakati huo, kwa ugonjwa, nyumbani kwao. Nilishuka ngazi alizozipanga nikamwekea mama yangu maji kwenye kibuyu, nikamshukuru Alidria kwa sauti, peke yangu kule chini.

Mama Poni naye ametangulia. Jiwe lake sasa analisagia mke wa mwanawe aitwaye Lado, na nasikia mke huyo karibu atapata mkamwana wake. Vijana wangu, koki ya shaba ni nzuri. Nunueni, mfunge kwingine. Lakini kabla hamjagusa spana pale Loguya, nendeni kwa mke wa Lado, mwombeni kwa adabu asage kiganja kimoja cha mtama. Simameni nyuma yake, msiliguse jiwe. Atamtuma mtoto maji. Ataendelea kusaga, na baadaye kidogo atainua kichwa, nanyi mtazame anakotazama: ardhi iko kimya, hakuna mtu, halafu mtungi unatokea, kisha uso wa mtoto chini yake, umelowa, unapanda ngazi.